Arusi ya Rafiki Kolwezi: Toka Lubumbashi Ijumaa, Rudi Jumapili

Kilomita mia tatu hivi. Hesabu hii ndiyo inayowadanganya watu wa Lubumbashi, huku Kongo, kila rafiki anapofunga ndoa Kolwezi. Barabara ni ya lami, gari zuri huimaliza kwa saa nne au tano, basi mtu anajiambia: misa ni saa tano asubuhi, nikitoka saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimeshakaa kanisani kabla bibi arusi hajaingia. Hesabu hiyo inafaa gari lisilo na lori mbele yake, na kwenye njia hii gari la namna hiyo halipo.

Barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni ya migodi kwanza, sisi wengine tunapita kwa hisani. Shaba na kobalti vinashuka kuelekea mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa; asidi ya salfuriki, chokaa, mafuta na mashine vinapanda. Lori moja likikatika ekseli mahali pembamba, foleni ya saa mbili au tatu ni jambo la kawaida, na hakuna njia ya pembeni ya kukuokoa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaifuata: usisafiri siku ya arusi yenyewe. Fika Ijumaa, lala, Jumamosi uwe wa maarusi peke yao, Jumapili urudi mchana.

Asiyeweza kuomba ruhusa kazini ya Ijumaa nzima ana njia ya tatu ambayo watu huisahau. Aondoke Lubumbashi kabla ya saa tisa alasiri, alale Likasi. Ni kilomita 120 hivi, nyumba za kulala wageni zipo, bei zake ni pole kuliko za Kolwezi. Jumamosi alfajiri anabaki na kilomita 180, na kipande kirefu zaidi cha njia anakianza akiwa ameshalala vya kutosha. Si mpango mzuri kama wa Ijumaa, ila ni bora mara kumi kuliko kuondoka Lubumbashi saa tisa usiku na dereva aliyetoka kazini saa nne.

Gari na pesa zake

Marafiki wakizidi wanane, kukodi gari kunashinda tikiti za basi, hasa kwa sababu gari linabaki nanyi Jumamosi kuwapeleka komini (ofisi ya serikali inayofungisha ndoa), kanisani na ukumbini. Lakini makubaliano na mwenye gari yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp, na yaseme mambo matano: nani analipa mafuta, nani analipa peaje (ushuru wa barabara), dereva anakula na kulala kwa pesa ya nani, gari linatumika mjini Kolwezi mpaka saa ngapi, na likiharibika njiani nani anatafuta lingine. Ugomvi mwingi hutoka kwenye jambo la nne. Mwenye gari anadhani amekodisha safari mbili, kwenda na kurudi. Ninyi mnadhani mmekodi siku tatu. Jumamosi saa tatu usiku dereva anasema amemaliza kazi, na mko ukumbini na mama zenu waliovaa viatu virefu.

Mafuta yanahesabika. Hiace ya dizeli yenye abiria kumi na wanne na mizigo hula kama lita 12 kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi ni kilomita 600, yaani lita 72. Ongeza mizunguko ya mjini na kusubiri kwenye foleni injini ikiwaka, weka lita 90. Coaster ya watu ishirini na tano hivi hula lita 18 au zaidi. Hapo panga lita 130. Jazeni tangi Lubumbashi, kwenye kituo mnachokiamini. Mafuta ya chupa za kando ya barabara ni ya dharura tu, kwa sababu yakiwa na maji au mafuta ya taa ndani, pampu ya dizeli ndiyo itakayowaambia, na itawaambia mahali pasipo na fundi.

Jumlisha mafuta, peaje za kwenda na za kurudi, malipo ya dereva kwa siku tatu, chakula na kitanda chake. Kisha gawanya kwa idadi ya watu ambao wameshalipa. Usigawanye kwa idadi ya viti, wala kwa idadi ya majina yaliyo kwenye kikundi. Yule anayeandika «Yaya, unihesabu, pesa naleta Ijumaa» ni mtu mwema, lakini hesabu haimjui. Siku ya mwisho ya kotisasio (mchango) ya usafiri iwe Jumatatu ya wiki ile ile. Pesa zipite kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa mtu mmoja, na gharama ya kutoa pesa iongezwe juu, isimwangukie mweka hazina. Mwenye gari apewe nusu kabla ya kuondoka na nusu mkisharudi.

Mkiwa wachache, mabasi ya kampuni yanatoka Lubumbashi asubuhi. Nunua tikiti siku moja kabla, siku mbili kama kuna sikukuu, na uulize kituo chao cha Kolwezi kiko mtaa gani ili mwenyeji akupokee. Magari madogo ya pamoja yanaondoka yakijaa, na kujaa maana yake ni watu wawili kwenye kiti cha mbele na wanne nyuma. Suti yako itafika imekunjamana hata ukiibeba mapajani. Treni ya SNCC, shirika la reli, si ya mtu mwenye Jumatatu ya kazi. Ndege ipo kwa wenye uwezo, na hao hawahitaji makala hii.

Karatasi: kila abiria awe na karte ya elektere (kadi ya mpiga kura) au pasipoti, kila mgeni wa nchi nyingine awe na pasipoti yenye viza hai. Tangu mkoa wa Katanga ugawanywe mwaka 2015, Likasi iko Haut-Katanga na Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba, na kuvuka mkoa huwa ni sababu ya kuulizwa. Gari liwe na karte roze (kadi ya usajili), bima, cheti cha ukaguzi, leseni ya dereva, tairi la akiba lenye upepo, jeki inayonyanyua kweli, pembetatu na kizimamoto. Polisi wa rulaje (wa barabarani) wanaanza na kizimamoto. Kama karatasi zimekamilika, dereva azungumze peke yake na abiria wote wanyamaze, hasa mjomba anayejua sheria.

Njiani

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi njia inapita Lwisha na njia panda ya Kapolowe. Hapo ndipo watu wanasimama kununua samaki wa ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Wanunueni Jumapili mkirudi. Samaki aliyepanda gari Ijumaa asubuhi pamoja na mashati ya arusi atahudhuria sherehe bila kadi.

Likasi ni mahali pa kunyoosha miguu, kula na kukagua tairi. Baada yake kuna vilima, kona na malori yaliyoelemewa, halafu Fungurume, ambapo mgodi na mji vimebanana na watu wanavuka barabara bila kutazama. Karibu na Kolwezi mnavuka mto Lualaba. Vijiji vingi vina matuta yasiyopakwa rangi, na dereva asiyeijua njia huyagundua kwa kichwa cha abiria wa nyuma. Mbinu ya wazoefu ni kutazama lori la mbele: likipunguza mwendo ghafla pasipo sababu, kuna tuta.

Alama moja ifundishwe kwa kila anayeshika usukani. Ukiona matawi mabichi yametupwa kwenye lami, kwanza machache, kisha rundo baada ya hatua thelathini, kisha jingine, ujue mbele kuna gari lililokufa, mara nyingi baada ya kona na bila taa hata moja. Matawi hayo ndiyo pembetatu ya huku. Punguza mwendo kwenye tawi la kwanza; ukisubiri uone lori lenyewe umechelewa. Majani yakiwa yamekauka, huenda lori lilishaondolewa na hakuna aliyeokota matawi, lakini usiweke maisha ya watu kumi na wanne juu ya rangi ya jani.

Malori ya asidi yana heshima yake. Mwezi wa Februari 2019, kwenye barabara hii hii, lori lililobeba asidi ya salfuriki liligongana na magari mengine na karibu watu 20 walipoteza maisha, baadhi yao kwa sababu asidi iliwamwagikia. Usifuate tangi la asidi kwa karibu, na usililazimishe likupishe kilimani. Mkikuta moja limepinduka, fungeni vioo, rudini nyuma upande upepo unakotoka, na asishuke mtu kwenda kupiga picha wala kuteka kinachotiririka. Aliyeguswa na asidi anamwagiwa maji mengi sana, mfululizo kwa dakika ishirini au zaidi, huku nguo zake zikivuliwa. Hii ndiyo sababu ya kubeba madumu mawili ya maji ya lita 20 hata kama kila mtu ana chupa yake ya kunywa.

Msimu nao una tabia zake. Arusi nyingi hupangwa Julai na Agosti kwa sababu hakuna mvua na watoto wako likizo. Ni kweli hamtalowa, lakini kuna vumbi jekundu linalopenya kila zipu, na moshi wa nyasi zinazochomwa ambao saa kumi na moja jioni unaweza kuificha barabara. Kuanzia Novemba mpaka Machi shida ni maji kwenye mashimo: huoni kina chake mpaka tairi limeingia. Kwa misimu yote miwili jibu ni moja, kuwa mmeshafika kabla ya giza, na giza huku linaingia karibu saa kumi na mbili jioni.

Nguo za arusi zisivaliwe njiani. Suti ikae kwenye mfuko wake, imelazwa juu ya mizigo yote, mabega yakiwa yamejazwa gazeti. Viatu vyeupe vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya mfuko mwingine.

Kitenge

Hapa ndipo fedha na urafiki hupotea kabla hata safari haijaanza, na watu wanadhani ni mambo ya wanawake tu.

Kamati ya arusi huchagua kitenge kimoja kwa marafiki, kimoja kwa familia ya mume, kimoja kwa familia ya mke. Dukani kinauzwa kwa vipande: pagne moja ni yadi mbili, yaani mita 1.83, nusu pisi ni yadi sita, pisi nzima ni yadi kumi na mbili. Mwanamke anayeshona libaya (blauzi) na kujifunga pagne mbili anahitaji yadi sita. Anayetaka gauni refu lenye mikia na mabega ya juu, kama mafundi wanavyopenda sasa, aulize kwanza kama sita zitatosha, kwa sababu michoro mikubwa inalazimisha fundi kupoteza kitambaa ili maua yakutane kwenye mshono. Mwanaume wa mwili wa wastani anatosheka na yadi mbili na nusu kwa shati la mikono mifupi, tatu kwa mikono mirefu. Wanaume wawili wakinunua nusu pisi wanagawana bila ugomvi.

Kinunuliwe chote siku moja, duka moja, mzigo mmoja. Kitambaa cha jina lile lile na mchoro ule ule, kikitoka kwenye mzigo mwingine, hutofautiana rangi kidogo: buluu inakuwa na zambarau ndani yake, njano inapauka. Mkononi huoni. Kwenye picha ya pamoja mbele ya kanisa, wale wanne walionunua wiki tatu baadaye wanaonekana kama wageni wa arusi nyingine. Kwa hiyo anayechelewa kulipa akose shati, asinunue kitenge mahali pengine.

Kukijaribu ni rahisi. Geuza kitambaa: wax ya kweli (kitenge cha nta) ina rangi karibu sawa pande zote mbili, ya kupigwa chapa juu tu huwa imefifia mgongoni. Soma pindo, maandishi yaliyokosewa herufi ni dalili. Lowesha kona ndogo na uisugue kwenye leso nyeupe: ikiacha rangi nyingi, itaacha rangi hiyo hiyo kwenye shingo ya shati lako la ndani ukitoka jasho ukumbini. Si lazima kamati inunue ya bei kubwa. Ni lazima ijue inachonunua, na iseme ukweli kwa waliotoa pesa.

Kabla ya kukata, kitenge kiloweshwe usiku mmoja kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, kianikwe kivulini, kipigwe pasi. Pamba hurudi. Shati lililoshonwa bila kuloweshwa linafuliwa mara moja na vifungo havikutani tena. Fundi apewe kazi wiki tatu kabla, na aambiwe tarehe ya uongo, siku saba kabla ya ile ya kweli. Mafundi wanalijua hilo na wana tarehe zao za uongo pia. Nenda kujaribu nguo siku tano kabla ya safari, nguo ikiwa na mshono wa muda bado, kwa sababu baada ya kupunguzwa mapindo hakuna kitambaa cha kurudisha.

Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi

Hoteli za Kolwezi zinapangiwa bei na migodi, na mgeni wa arusi analipa kama mhandisi. Kamati ya huko ikiulizwa mwezi mmoja kabla huwapata wenyeji wanaotoa vyumba, au nyumba nzima inayopangishwa kwa siku chache. Mkilala kwa wenyeji, fikeni na kitu: mfuko wa unga, mafuta ya kupikia, sabuni. Mama wa nyumba anapokea watu kumi na wanne watakaooga maji ya moto asubuhi, na makaa si ya bure. Ulizeni pia umeme huwa unakatika saa ngapi. Nguo zipigwe pasi Ijumaa usiku umeme ukiwapo. Wanaosubiri Jumamosi asubuhi huishia kugombania pasi moja ya makaa inayoacha majivu kwenye shati jeupe.

Kama mahari yanatolewa Ijumaa hiyo hiyo, rafiki wa bwana arusi anakwenda kubeba na kukaa kimya. Msemaji wa familia ndiye anayezungumza, hata kama anakosea. Mwe na noti ndogo, kwa sababu upande wa mke utatoza faini: mmechelewa, mmekaa kabla ya kukaribishwa, mmejibu bila kuulizwa. Nyingine ni za mzaha, nyingine si za mzaha, na msemaji ndiye anayejua ipi ni ipi. Asiwepo rafiki wa kupunguza bei kwa sauti. Wazee wa upande ule wanahesabu heshima kabla ya kuhesabu mbuzi.

Ndoa ya serikali ina wakati mkali kuliko zote. Jumamosi komini huwa na maarusi kadhaa kwa zamu, na zamu ikipita mnangoja mwisho wa foleni huku padri au mchungaji akiwangoja ninyi. Mashahidi wafike na kitambulisho halisi pamoja na nakala yake. Kanuni ya Familia, yaani sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inataka ridhaa ya wote wawili, umri usiopungua miaka 18, na mahari; afisa atauliza kama yametolewa. Atauliza pia mali zitakuwaje. Kuna njia tatu: kila mmoja na mali yake, kuchanganya kila kitu, au kuchanganya kile tu kitakachopatikana ndani ya ndoa. Rafiki mwema ndiye anayewauliza maarusi wiki mbili kabla kama wamekubaliana, maana kunong'onezana mbele ya afisa huku ukumbi mzima ukisikiliza ni kitu kinachozungumzwa na mashangazi kwa miaka.

Ukumbi

Isome kadi yote. Wengine wanaalikwa kwenye vin d'honneur, tafrija ya vinywaji ya mchana, wengine kwenye soaree ya usiku, na mara nyingi kadi hutofautishwa kwa rangi au mstari mmoja chini. Kadi ya koplo ni ya watu wawili. Watatu wakija, protokoli, yaani mpokea wageni mlangoni, hatamkataa yule wa tatu kwa ukali, atamwambia asubiri kando ya mlango, na atasubiri mpaka keki imekatwa. Meza zina majina, na kukaa meza isiyo yako ni kumnyima mtu aliyesafiri kiti chake.

Kadi imeandikwa 19h00, yaani saa moja usiku. Wageni wanaingia saa mbili au saa tatu usiku, maarusi saa nne. Walio na jamaa waliotoka Kinshasa wawakumbushe kuwa saa zetu ziko moja mbele ya zao. Mtu huyo akiacha simu yake kwenye saa ya nyumbani, atachelewa hata kwa kipimo chetu. Chakula kinaitwa meza kwa meza, familia kwanza, marafiki mwisho, na inaweza kuwa saa sita usiku. Kuleni bukari (ugali) saa kumi na mbili jioni, kwa samaki au sombe (majani ya mihogo), kiasi cha kushikilia mwili. Anayekunywa bia mbili za Simba tumboni pakiwa patupu hatamaliza hotuba ya mjomba wa bibi arusi. Kusema kweli hotuba hiyo hata wenye kushiba huimaliza kwa shida.

Zawadi. Pesa ndani ya bahasha yenye jina kamili inawafaa maarusi kuliko seti ya nne ya glasi, na haivunjiki njiani. Kama ni dola, ziwe safi. Noti yenye mpasuko hata wa nusu sentimita, mwandiko wa kalamu au kona iliyokatika itakataliwa dukani kesho yake, na maarusi hawatakwambia. Kama marafiki mnatoa bia, ulizeni kreti na chupa tupu zitatoka wapi, maana bila tupu mnalipia na chupa. Nunueni Kolwezi, kusafirisha kreti kutoka Lubumbashi ni kulipia uzito na mashaka.

Kutuza ni kazi nyingine na ina maandalizi yake. MC anaita: marafiki wa bwana arusi! Mnatoka kwa mstari, mnacheza mpaka mbele, na kila mmoja anamwekea bwana au bibi arusi noti kwenye paji la uso, begani, mkononi. Kwa kazi hiyo noti ya franka 20,000 inaisha kwa sekunde mbili. Noti 20 za 1,000 au 40 za 500 ndizo zinazokuwezesha kucheza wimbo mzima. Zibadilishe kwa wabadilishaji wa barabarani Lubumbashi siku ya Alhamisi na uombe mabunda mapya, kwa sababu Jumamosi saa kumi jioni Kolwezi nzima inazitafuta. Zihesabu mbele ya mbadilishaji, moja moja. Namna ya kulishika: bunda likunjwe kwa urefu, lishikwe mkono wa kushoto, na kidole gumba cha kushoto kisukume noti moja mbele huku mkono wa kulia ukiichukua. Asiyejizoeza anasimama mbele ya maarusi akilamba kidole, na foleni ya nyuma inamkanyaga. Mtu mmoja wa karibu na maarusi awe na kapu la kuokota, ajulikane kwa MC, na asiwe mtoto.

Usiku wa Juni na Julai Kolwezi baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mara nyingi sherehe inakuwa chini ya hema, si ndani ya kuta. Magauni yasiyo na mikono yanapendeza mpaka saa tatu. Baada ya hapo kila dada aliyebeba shali anakuwa na marafiki wapya. Wanaume wasivue koti kulitundika kwenye kiti na kwenda kucheza na simu ndani.

Dereva hanywi. Si bia moja, si ya baridi, si ya kumaliza chakula. Ateuliwe mtu wa kumletea sahani yake mapema na kumrudisha akalale saa tano, hata kama ninyi mtarudi na taksi-moto au kwa hisani ya wenyeji. Kumwacha ndani ya gari mpaka saa tisa usiku kisha kumwambia «twende Lubumbashi, wengine wana kazi ya kanisa» ni jinsi ajali za Jumapili alfajiri zinavyopangwa.

Jumapili

Piteni kuwasalimu wazazi wa maarusi, mle kilichobaki, mrudishe vyombo mlivyoazima na viti vilivyo na jina la jirani. Kama mna chupa tupu zenu zihesabuni sasa, kwa sababu baada ya siku mbili hakuna atakayekumbuka zilikuwa ngapi. Ondokeni kabla ya saa tano na nusu asubuhi. Mkiwa Likasi saa nane mchana mnaweza kula kwa utulivu na bado mkaingia Lubumbashi jua likiwapo, hata mkikuta foleni kwenye peaje.

Njiani kuna asali, viazi vitamu, na kuanzia mvua za kwanza uyoga na matunda ya masuku. Uyoga msioujua msiununue kwa ajili ya bei. Makaa ni rahisi huku na kila mtu atataka gunia. Mkubaliane kabla, kwa sababu magunia manne juu ya paa la Hiace yenye watu kumi na wanne yanalifanya lilale kwenye kila kona ya vilima vile.

Mkishuka, mwenye gari alipwe nusu yake ya pili baada ya kulizunguka gari naye na kulitazama pamoja. Usiku huo huo mweka hazina aweke kwenye kikundi hesabu nzima: kilichoingia, mafuta, peaje, dereva, zawadi, kilichobaki. Kama zimebaki franka elfu kumi na nane, ziandikwe, pamoja na jina la aliyezishika.